Kitanda cha Nane

Jumanne ya tarehe 30 Novemba 1999, saa tisa na robo alasiri, Bi Ushma alinipa bahasha moja na kuniagiza niipeleke Kensington mimi mwenyewe. Mtu wa pikipiki asiiguse. Nilitazama saa, kisha dirisha. Mwezi huo jua la London huondoka kabla hujamaliza chai ya alasiri.

Ofisi yetu ilikuwa chumba na nusu juu ya duka la miwani, karibu na Baker Street. Tulikuwa wanawake wawili. Bi Ushma alizaliwa Mwanza, akaja Uingereza akiwa msichana, akaanza kwa kuwauzia Wahindi wenzake tiketi za Nairobi na Dar es Salaam. Baadaye akagundua kuwa kuna watu wenye pesa ambao hoteli haiwatoshi, wanataka ukoo. Akawauzia Scotland na Ireland. Kasri la kulala. Mpiga zumari la mfuko wa kuwaamsha. Makaburi ya mababu zao kule Galway, yakiwa yamefyekwa siku mbili kabla hawajafika, ili waamini kuna mtu aliyewakumbuka.

Mimi nilitoka Bukavu. Nina digrii ya historia, na nina tabia ya kurudi kuangalia jiko mara tatu kabla ya kufunga mlango. Bi Ushma alikuwa akinicheka. Siku moja alinitazama nikipima pambizo la barua kwa rula, akasema, "Raïssa, wewe ukifa utasahihisha jeneza lako."

Kazi niliyoipenda ilikuwa orodha ya vyumba. Kila kasri tulilipelekea karatasi nzito yenye nembo yetu, iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino mweusi: nani analala chumba gani. Wateja wale wakiona taipu wanahisi wako hospitali. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi kazi ikawa yangu.

Kulikuwa na sharti moja. Kwa sababu ya kanuni za zimamoto, kila kitanda kilichotandikwa lazima kiwe na jina. Chumba kikiwa bado hakijapata mtu, Bi Ushma aliandika jina la kushikia nafasi. Lilikuwa jina lilelile kila mara: Pushpa. Ni mama mkwe wake, aliyefariki mwaka 1991. Picha yake ilining'inia juu ya mashine ya faksi, na shada la maua ya plastiki shingoni.

Jambo hilo lilinikosesha raha. Nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba humwandikii marehemu kitanda chenye shuka safi. Huko ni kumwita. Sikumwambia Bi Ushma, angecheka tena. Lakini wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa naandika orodha ya kasri la Dunarrach, pwani ya magharibi ya Scotland. Wageni saba, vyumba vinane, kama kila mwaka. Nilipofika chumba cha nane, kalamu ikasita. Jina langu lilikuwa tayari chini ya karatasi kama mwandishi. Nikaandika la mdogo wangu, Plamedie. Nilijiambia kwamba jina la mtu aliye hai halimwiti mtu.

Nakala moja ilikwenda Dunarrach. Ya pili ndiyo iliyokuwa ndani ya bahasha.

Nilifika Kensington saa kumi na dakika kumi. Taa za barabarani zilikuwa zimewaka. Bi Kinnaird, mwenye karamu hiyo ya kila mwaka, alikuwa na miaka themanini na kitu, mrefu, na hakuwa akisafiri tena. Wajukuu na wapwa zake saba walikuwa tayari kule. Alifungua mlango mwenyewe. Nyumba ilinuka sufi iliyolowa na moshi wa ule udongo mweusi wanaouchoma kule kaskazini badala ya kuni. Harufu hiyo niliijua kwa maneno tu. Niliielezea mara nyingi kwenye vipeperushi vyetu.

Hakukuwa na moto kwenye meko yake.

Aliketi, akachukua kioo cha kukuzia, akasoma orodha kwa kidole. Kidole kilipofika chini kikasimama.

Aliuliza Pushpa yuko wapi. Nikamweleza kwa adabu kwamba nimebadilisha, kwamba ni jina la kushikia nafasi tu. Akainua uso.

"Huyu yuko hai?"

"Ni mdogo wangu. Ninaishi naye Peckham."

Alitazama saa ya ukutani. Alisema jua limezama Dunarrach dakika ishirini zilizopita.

Kisha akanisimulia. Alisimulia haraka, bila mapambo, kama mtu anayempa daktari dalili. Karne tatu nyuma, mzee wa ukoo wake alialika ndugu wanane kutoka Ireland. Akawalisha. Akawatandikia. Walipolala akamtuma mtumishi wake mwenye shoka. Mtumishi akaua saba, na kitanda cha nane akakikuta kitupu. Yule wa nane alishaingia baharini. Mzee wa ukoo akamwapisha mtumishi: hatalala mpaka amalize.

"Na hajalala," alisema.

Kila mwaka, tarehe hiyo, jua likizama, huja. Kitanda cha nane kisipotandikwa, huwageukia wenye nyumba. Kikitandikwa bila jina, hukipasua kitanda na kuondoka. Likiwepo jina, hulifuata jina lilipo. Zimamoto walipodai majina, Bi Ushma ndiye aliyepata njia. Aliandika jina la maiti. Mtumishi akaenda kutafuta, akarudi na shoka kavu.

Bi Kinnaird alinisukumia kalamu. Mikono yake ilikuwa baridi kama bomba la maji.

"Futa. Andika maiti. Awe wako, na uandike kwa mkono wako."

Nilimtazama. Niliwahi kuwasikia vikongwe wa Bukavu wakisema mambo kama hayo, na niliwahi kuwasikia wakisema mambo hayohayo baada ya akili kuwatoka. Nilikunja orodha, nikamwambia nitaizungumza na bosi wangu, nikatoka.

Nilikwenda hatua kama hamsini. Nikarudi kuangalia jiko, kama nilivyo. Yaani niliingia kibanda cha simu na kupiga nyumbani.

Plamedie alipokea. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, akaniambia yuko salama, anapiga pasi. Nilikuwa karibu kukata simu aliposema kwamba kuna kelele jengoni.

"Yaya, kuna mutu anapasua kuni kwenye ngazi."

Peckham hakuna anayepasua kuni.

Nilimwambia afunge mlango, asukume kabati. Nikasimamisha teksi. Dereva alitaka kuongea habari za mpira. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kila taa nyekundu. Zilikuwa kumi na sita.

Saa kumi na moja na dakika tano nilikuwa chini ya ngazi zetu. Tuliishi ghorofa ya tatu, katika nyumba za kaunsili. Ngazi ni thelathini na nane. Kila moja ilikuwa na maji, na katikati ya kila moja kulikuwa na alama mpya, kina cha kidole, zege nyeupe ikionekana.

Sufi iliyolowa. Moshi.

Juu... tak. Kimya. Tak.

Mlango wetu ulikuwa umepasuliwa katikati, toka juu hadi chini, na nusu moja ilikuwa imelala ukumbini juu ya viatu vyetu. Niliikanyaga. Nikaingia chumbani.

Alikuwa mfupi. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilitegemea jitu, na alikuwa mtu wa kunifika begani, mabega mapana, maji yakimdondoka. Alikuwa amenipa mgongo. Nywele zake zilishikana kama manyoya ya kondoo aliyekufa mtoni. Shoka lilikuwa dogo pia. Shoka la kazi.

Plamedie alikuwa amebanwa kati ya kabati na ukuta. Alishika ubao wa kupigia pasi mbele yake. Shoka lilipanda, likashuka, ubao ukawa vipande viwili, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikaruka vikagonga dirisha. Niliona damu ikichora mstari kwenye karatasi ya ukutani, kuanzia swichi hadi dari. Hakupiga kelele. Alitoa sauti nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka.

Nilichukua pasi. Ilikuwa bado ya moto. Nikampiga nayo kisogoni kwa nguvu zote. Ngozi ikachachatika, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba. Hakugeuka. Nikampiga tena. Nikamshika nywele nimvute nyuma, zikaja mkononi mwangu na kipande cha kichwa, baridi, laini, kama nyama iliyokaa siku nyingi majini.

Hapo ndipo alipogeuka.

Sikuona hasira. Ningefurahi kama ningeona hasira. Kope zake zilikuwa zimelika kabisa, na macho yalikuwa makavu, mekundu, wazi. Macho ya mtu aliyechoka kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Alinitazama kama fundi anavyomtazama mtoto aliyemshikia nguo akiwa kazini. Akanipiga kwa kisogo cha shoka, hapa, juu ya titi la kulia. Nilisikia mtulinga ukivunjika kabla sijahisi maumivu. Nikaanguka karibu na kitanda.

Akarudi kwa Plamedie.

Shoka likamwingia begani. Akalichomoa kwa kumkanyaga kifuani, kama unavyochomoa shoka kwenye gogo. Plamedie akaniangalia. Midomo yake ilikuwa inasema yaya, yaya, bila sauti.

Orodha ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Kalamu pia. Niliitandaza sakafuni kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia, mfupa ukisaga ndani. Nikalipiga mstari jina la Plamedie.

Kisha nikatakiwa kuchagua.

Wafu wangu ni wengi. Baba yupo makaburini Bukavu, alizikwa na misa. Shangazi zangu wawili walizikwa na nyimbo. Niliogopa kuwatoa walipolala. Lakini kaka yetu Dieumerci hakuwa na kaburi. Oktoba 1996 watu wenye mapanga waliingia kwetu. Mimi niliingia chini ya kitanda. Yeye hakuwahi. Walimkatia juu ya godoro lilelile, na mimi chini nikahesabu, kwa sababu kuhesabu ndiko kulikonizuia kupumua kwa sauti. Mapigo kumi na moja. Tulikimbia alfajiri, na hatukujua mwili wake ulitupwa wapi. Nikafikiri, na nilifikiri kwa haraka lakini kwa makini, kama ninavyofikiri siku zote: asiye na kaburi hana pa kutolewa. Hatasumbuka.

Nikaandika Dieumerci.

Shoka lilisimama hewani juu ya kichwa cha Plamedie.

Yule mtu akageuka taratibu kuelekea kitandani kwetu. Nami nikageuza shingo.

Shuka lilikuwa limevimba. Kulikuwa na mtu chini yake.

Pigo la kwanza lilipotua, yule aliyelala aliniita. Si mama, si Mungu. Aliita Raïssa. Sauti ile ilikuwa ya mtu wa miaka ishirini na mbili, ikiwa na ile mikwaruzo iliyokuwa nayo kila alipoamshwa ghafla. Nilikuwa sakafuni, ubavuni mwa kitanda, na matone yalikuwa yananiangukia shavuni, ya moto. Nikafumba macho.

Sikutaka kuhesabu. Nilihesabu.

Kumi na moja.

Nilipofumbua, chumba kilikuwa na mimi na Plamedie tu. Godoro lilikuwa limefunguliwa kama samaki. Orodha haikuwepo sakafuni.

Jirani yetu wa juu, Baudouin, ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Polisi waliandika kwamba ni mwizi mwenye shoka, na wakauliza mara nne kama tunamfahamu. Bega la Plamedie lilishonwa nyuzi arobaini na tatu. Vidole havikurudi. Asubuhi aliomba maji, akanywa, akaniambia huku anatazama dari:

"Yaya, ule alikuwa anakuita... njo Dieumerci."

Njo, kwetu Bukavu, ni ndiye. Alinitazama muda mrefu, na nikajua amejua.

Siku ya pili Bi Kinnaird alituma maua meupe hospitalini. Kwenye kadi aliandika maneno mawili tu: amelala, asante.

Na siku ya pili hiyohiyo Bi Ushma alikuja na chakula kwenye mkebe wa chuma. Akaketi, akalia, akanilaumu, akajilaumu. Alijua kwamba kuna kitu. Hakuwahi kuuliza ni nini. Kila tarehe 30 Novemba alikuwa akikaa kwenye hekalu la Wahindu la Neasden tangu asubuhi mpaka wanafunga milango. Mwaka huu tu hakwenda, kwa sababu ya kazi nyingi. Nilimwambia nimeandika nani. Aliuliza kaka yangu alizikwa wapi. Nikasema hakuzikwa.

Bi Ushma akafunika mkebe, akaushika kwa mikono miwili.

"Pushpa tulimchoma, Raïssa. Mimi mwenyewe nilimwaga majivu yake. Hakuwa na kitu cha kuamka nacho."

Kisha akatoa faksi kwenye mkoba. Ilitoka Dunarrach, kwa msimamizi wa nyumba, tarehe 1 Desemba. Aliandika kwamba wageni saba wanaendelea vizuri. Kwamba mzee mmoja asiyemfahamu amekutwa amelala sakafuni mbele ya moto, na walipomgusa kumwamsha alivunjika kama mkaa. Kwamba kitanda cha nane kimelowa damu, na anaomba maelekezo kuhusu godoro. Na kwamba yule kijana Mwafrika wa chumba cha nane hakungoja kifungua kinywa. Alionekana barabarani alfajiri, miguu mitupu, akiuliza njia ya London.

Nilirudi kazini Januari. Plamedie hawezi bado kuinua mkono, anashinda nyumbani. Hatuzungumzi habari hiyo. Wakati mwingine namkuta amesimama dirishani anaangalia chini, barabarani, kama mtu anayemngoja ndugu atoke shule.

Ofisi yetu ina hoteli rafiki kila mahali: majumba ya zamani, watu wenye heshima, wanaojua kumtunza mgeni wetu hata asipokuwa na nafasi iliyowekwa. Faksi ya kwanza ilitoka karibu na Stirling, katikati ya Desemba. Mgeni wenu amepita, anachechemea, ana karatasi yenye nembo yenu, tumempa soksi. Ya pili Carlisle. Hakutaka kula; ameacha maji mengi kwenye zulia. Ya tatu Harrogate, katikati ya Januari. Hazungumzi Kiingereza, ila anarudia jina la mfanyakazi wenu. Ya nne Stamford.

Nilipima kwenye ramani, kwa rula. Ni maili sita na nusu kwa siku. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya kifundo. Hilo nililiona mwaka 1996, nilipotoka chini ya kitanda. Kwa mwendo huo angefika Peckham wiki ijayo, Alhamisi. Nilikuwa nimemtafutia Plamedie mahali Barking, kwa mama mmoja wa kanisani. Tungehama Jumapili. Nilikuwa nimepanga kila kitu.

Leo ni Ijumaa, tarehe 11 Februari. Bi Ushma ametoka mapema. Nilikuwa nafunga madirisha mashine ilipoanza kukoroma. Faksi imetoka St Albans, imeandikwa saa tisa na dakika arobaini. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyefunzwa kazi.

Mgeni wenu alifika kwetu mchana huu akiwa katika hali ya uchovu mkubwa. Aliomba kwa ishara kujua umbali uliobaki. Tusingeweza kumwacha mteja wenu atembee. Kwa heshima ya urafiki wetu tumempatia gari na dereva, mpaka mlangoni.

Sasa ni saa kumi na moja kasoro robo. Nje taa zimewaka.

Nimepiga nyumbani. Imeita mara saba. Plamedie akapokea, na kabla hajasema kitu nilimwambia asifungue mlango kwa mtu yeyote, atoke kwa ngazi za nyuma, akimbie kwa Baudouin. Nilisema yote hayo kwa pumzi moja. Alinisikiliza. Nyuma yake nilisikia maji yakidondoka sakafuni, taratibu, na kiti kikivutwa.

"Yaya," alisema kwa sauti ya chini, bila woga. "Amechoka sana. Anauliza njo weye ulimuandika?"

Simu bado iko mkononi mwangu. Hajakata. Wananisubiri nijibu.